Sababu ya Kuachwa: Uhakiki wa Riwaya ya Kitawasifu Juu ya Kukutana na Wazazi wa Damu

Utangulizi

Kati ya miji ya Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, iko nchi ya Chakol. Wenyeji wake walio wengi ni Wateso, watu ambao mpaka uliwakuta mahali pao ukawagawa. Mwaka 1902 Waingereza waliuhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda, wakautia katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Kwa kitendo hicho cha ramani na muhuri, Wateso wa Chakol na Amukura wakawa chini ya utawala mmoja, na ndugu zao wa Tororo na Soroti wakabaki chini ya mwingine. Hata hivyo ndoa, misiba na masoko viliendelea kuvuka mpaka, na mtu wa huko aweza kuwa na shangazi ng'ambo asiione habari hiyo kuwa ya ajabu.

Mahali kama hapo pafaa kuwa kipimo cha aina moja ya riwaya, nayo ni riwaya ya kitawasifu juu ya mtu aliyelelewa na wasiomzaa, ambaye ukubwani huenda kuwaona waliomzaa, kisha akaandika. Na achukuliwe, kwa ajili ya hoja, mwandishi aliyezaliwa Chakol na kulelewa mbali, iwe Nairobi, Mombasa au Ulaya. Siku ya kurudi ameketi mbele ya mwanamke ambaye kila mtu kijijini amemwambia kuwa ndiye mama yake. Neno analotaka kuuliza ni moja tu: kwa nini? Mwanamke huyo ana jibu, au ana majibu matatu yasiyopatana, au amenyamaza. Mwandishi hurudi mezani kwake na kushika kalamu. Je, aandike nini mahali pa jibu?

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hapo ndipo riwaya ya namna hii husimama au huanguka. Mwandishi ana ruhusa ya kubuni karibu kila kitu: majina, mazungumzo, mpangilio wa siku, hata mvua iliyonyesha au isiyonyesha. Lakini sababu ya kuachwa ni mali ya mtu mwingine. Anapombunia mama yake sababu na kuitoa kana kwamba ni habari iliyothibitika, riwaya hupoteza uzito wa kisanaa pamoja na haki ya kusadikiwa. Hoja hiyo itapimwa kwa vitabu vichache vinavyowahusu watu wa Afrika Mashariki, kisha itarudishwa Chakol.

Tawasifu, Riwaya na Deni la Msomaji

Fasihi ya Kiswahili haikosi maandishi ya nafsi. Shaaban Robert aliacha Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na Adam Shafi ameandika Mbali na Nyumbani. Katika vitabu hivyo swali la nani aliyemzaa mwandishi si kiini cha masimulizi. Kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, kinakaribia zaidi suala hili, kwa kuwa kinawahusu watu waliotekwa na kutengwa na jamaa zao, wakakombolewa na kuanza maisha mapya katika pwani ya Kenya. Lakini hao ni watu ambao njia ya kurudi ilikwisha kufutika nyuma yao. Mkutano wenyewe, yaani saa ile mtoto aliyekua anapoingia uani kwa wazazi wake na kutazamwa, ni jambo ambalo nathari ya Kiswahili imeligusa kwa nadra.

Labda si ajabu. Hekima ya jadi inalitazama jambo hili kwa macho mawili. Methali moja yasema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Nyingine yasema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Ya kwanza humtuma mtoto arudi. Ya pili humwuliza anarudi kwa nani. Mwandishi wa riwaya ya kurudi hukaa kati ya methali hizo mbili, na akiegemea moja tu kazi yake hugeuka mahubiri: ama nyimbo za damu, ama shukrani kwa walezi.

Yapasa pia kutofautisha tanzu. Tawasifu humwahidi msomaji kwamba mambo yalitokea. Riwaya haimwahidi hivyo. Riwaya ya kitawasifu husimama katikati: husema kwamba imebuniwa, lakini hujinufaisha kwa mnong'ono wa msomaji kwamba haya yalimpata mwandishi mwenyewe. Hukopa imani kutoka katika ukweli, na lililokopwa halina budi kulipwa. Mwandishi hawezi kupokea machozi ya msomaji kwa kuwa kisa ni cha kweli, kisha akaulizwa juu ya mama aliyemchafua akajibu kwamba ni hadithi tu.

Siku Njema na Uhuru wa Kubuni

Mfano wa kwanza ni Siku Njema ya Ken Walibora, iliyochapishwa na Longhorn mwaka 1996. Msimulizi wake, Msanifu Kombo, aitwaye pia Kongowea Mswahili, ni mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarab wa Tanga. Anampoteza mama, anakulia katika taabu, na hatimaye anafunga safari kutoka Tanga hadi magharibi ya Kenya kumtafuta baba ambaye hakumlea. Kisa kinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza, kwa karibu sana, hata msomaji hushawishika kudhani kwamba anasoma maisha ya mwandishi.

Sivyo. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, hakuwa mtoto wa Tanga. Alikuwa mtu wa magharibi ya Kenya. Alichokifanya ni kuigeuza njia: badala ya kijana wa bara anayekitafuta Kiswahili cha pwani, aliunda kijana wa pwani anayemtafuta baba wa bara. Kiswahili ambacho mwandishi alikipata kwa kujifunza, alimpa mhusika wake kama urithi wa mama. Kwa hiyo utafutaji wa baba katika riwaya hii ni pia utafutaji wa uhalali: nani ana haki ya kuiita lugha hii yake, aliyezaliwa nayo au aliyeifanyia kazi? Usanii huo ni wa hali ya juu, na umewezekana kwa sababu baba wa Kongowea ni mtu wa kubuni. Hakuna mzee yeyote huko magharibi atakayeamka asubuhi na kukuta sababu zake za siri zikisomwa na wanafunzi wa sekondari. Mwandishi yu huru kumpa baba huyo makosa, majuto au udhuru, kwa kadiri kisa kinavyodai.

Lenye mafunzo ni kwamba Walibora, alipotaka kusimulia maisha yake hasa, aliandika kitabu kingine na kukiita tawasifu, yaani Nasikia Sauti ya Mama. Aliyatenga mambo mawili ambayo waandishi wengi huyachanganya. Riwaya ilichukua hamu. Tawasifu ilichukua habari.

Jamaa Mmoja, Vitabu Vinne

Hali hugeuka mara tu wazazi na ndugu wanapokuwa watu halisi. Mfano ulio karibu na Busia umetoka Kogelo, katika Siaya, ambayo inapakana na Busia kwa upande wa kusini. Barack Obama alichapisha Dreams from My Father mwaka 1995. Baba yake, Mkenya, alimwacha akiwa mdogo, akarudi Hawaii kumtazama mara moja mwaka 1971, akafariki mwaka 1982. Sehemu ya tatu ya kitabu inahusu safari ya mwana kuja Kenya kukutana na jamaa wa baba. Kitabu hicho ni kumbukumbu, si riwaya, lakini katika dibaji yake mwandishi anakiri kwamba baadhi ya wahusika wameunganishwa kutokana na watu zaidi ya mmoja, na kwamba mpangilio wa matukio haukufuata tarehe kwa ukamilifu. Kwa hiyo kinapakana na riwaya ya kitawasifu.

Uzuri wa kitabu hicho kwa hoja hii uko katika namna sababu ya kuachwa inavyotolewa. Haitolewi na msimulizi. Inatoka katika vinywa vitatu: mama mzazi Hawaii, dada yake Auma, na bibi Sarah huko Kogelo. Kila mmoja ana baba wake tofauti. Bibi anasimulia kwa Kijaluo, na Auma anatafsiri. Msomaji hupokea asili ya ukoo kwa sauti iliyopita katika lugha mbili na masikio mawili kabla ya kufika kwenye karatasi, na mwandishi hakuificha njia hiyo. Mwishoni mwana analia kati ya makaburi mawili, la baba na la babu, na kilio hicho kina nguvu kwa sababu makaburi hayawezi kujibu. Swali limebaki swali.

Lakini jambo halikuishia hapo, maana jamaa walio hai nao wana kalamu. Auma Obama alitoa kitabu chake mwaka 2010, kwanza kwa Kijerumani, akamsimulia baba kama alivyomjua binti aliyelelewa naye na kumkosa akiwa nyumba hiyo hiyo. Mark Ndesandjo, mwana mwingine wa baba huyo, alikuwa amechagua riwaya. Kitabu chake Nairobi to Shenzhen, cha mwaka 2009, kina mhusika ambaye baba yake Mkenya ni mkali na mpigaji, na mwandishi hakuficha kwamba amechota katika maisha yake. Baadaye, mwaka 2014, alitoa kumbukumbu ziitwazo An Obama's Journey, akapinga baadhi ya mambo yaliyosimuliwa na ndugu yake juu ya jamaa na juu ya mkutano wao.

Vitabu vinne, basi, juu ya mtu mmoja asiyeweza tena kujitetea. Mhakiki asishawishike kuuliza ni kipi cha kweli. Swali la maana zaidi ni kwa nini Ndesandjo alianza na riwaya kisha akaona haimtoshi. Katika riwaya aliweza kusema kwamba baba alipiga bila kusema kwamba baba yangu alinipiga. Pazia lilimpa ujasiri. Lakini pazia hilo hilo lilimpa kila msomaji ruhusa ya kudhani mengine yametiwa chumvi. Aliyetaka kusadikiwa ilimbidi aondoe pazia. Hiyo ndiyo bei ya tanzu ya katikati: humlinda mwandishi siku ya kuandika, humdhoofisha siku ya kushuhudia.

Jina Lenye Swali

Mfano wa tatu unaitoa hoja wazi zaidi kuliko yote. Lemn Sissay alizaliwa Uingereza mwaka 1967 na mama wa Kihabeshi aliyekwenda huko kusoma. Aliwekwa kwa walezi, akapewa jina jingine, na alipokuwa na umri wa miaka 12 walezi wakamrudisha mikononi mwa serikali, akakulia katika makao ya watoto. Alipotoka huko ndipo alipolijua jina lake la kuzaliwa. Katika Kiamhari lemn maana yake ni kwa nini. Kitabu chake cha mwaka 2019 kinaitwa My Name Is Why.

Muundo wa kitabu hicho unastahili kuchunguzwa na kila anayekusudia kuandika juu ya jambo hili. Sissay aliweka ndani yake barua na taarifa za ofisi zilizomhusu, ukurasa baada ya ukurasa, na kumbukumbu zake zikizungumza kando ya karatasi hizo. Alikuwa amekua akiamini kwamba mama yake hakumtaka. Katika faili mlikuwa na barua ya mama, ya mwaka 1968, akiomba mwanawe arudishwe.

Na afikiriwe kijana huyo kama angeandika riwaya yake kabla ya kuliona faili. Angekuwa na kila sababu ya kumbunia mama mwenye moyo mgumu. Angeandika sura nzuri, pengine ya kutoa machozi, juu ya mwanamke anayeondoka bila kugeuka nyuma. Ingekuwa uongo, tena uongo uliotungwa na ofisi na kutiwa sahihi na mwana. Hapa ndipo inapoonekana kwamba sababu ya kubuni si tunda la ubunifu tu. Aghalabu mwandishi asiyejua haandiki kutoka katika utupu. Anaandika alichoambiwa na wale waliomchukua. Ubunifu wake huwa mdomo wa upande mmoja.

Chakol: Lugha, Ukoo na Siri ya Kijiji

Sasa mwandishi yule wa kufikirika na arudishwe Chakol. Kikwazo chake cha kwanza ni lugha. Kiteso si cha jamii ya Kibantu. Kiko pamoja na Kiturkana na Kikaramojong. Aliyelelewa kwa Kiswahili ataingia uani na kusikia watu wakimwonyesha mwanamke na kutamka toto. Atadhani anatajwa yeye, kwamba mtoto amekuja. Kumbe kwa Kiteso toto ni mama. Neno ambalo masikio yake yamelizoea kuwa lake, hapa ni la yule aliyemzaa. Mwandishi mdogo atalifanya jambo hilo kuwa kichekesho cha nusu ukurasa. Mwandishi mkubwa ataona kwamba ndani ya neno hilo mna riwaya nzima: mtu aliyekuja kujitafuta, na kila anaposikia jina lake ni mwingine anayetajwa.

Kikwazo cha pili ni nafasi yake katika ukoo. Ivan Karp, aliyewachunguza Wateso wa Kenya tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 na kutoa kitabu juu yao mwaka 1978, alionyesha katika maandishi yake jinsi unywaji wa pombe ya ulezi, ajon, unavyobeba habari za jamii. Watu huketi kuzunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mahali pa kuketi hufuata heshima na uhusiano. Kwa mwandishi wa riwaya hilo ni jukwaa tayari. Mgeni aliyerudi ataketishwa wapi: pamoja na wana wa nyumba, au pamoja na wageni? Nani atamsogezea mrija? Anayejua kutazama ataliona jibu la ukoo hapo kabla ya mtu yeyote kulisema, na hatahitaji hotuba ya mzee wa busara kumweleza msomaji.

Kikwazo cha tatu ndicho kizito. Waandishi hudhani kwamba wakibadili majina wamemficha mama. Katika mji mkubwa huenda ikawa hivyo. Katika Chakol kubadili jina hakumfichi mtu. Jirani anajua ni binti wa nani aliyetoka shuleni mwaka ule, nani alimpeleka kwa shangazi ng'ambo ya mpaka, nani alirudi bila mtoto. Riwaya itakapofika, hata ikiwa ni nakala moja mkononi mwa mwalimu wa sekondari, itasomwa kama barua ya wazi. Mwandishi atakuwa amekwisha kurudi alikolelewa. Mama atakwenda kisimani kesho yake.

Wala sababu yenyewe haikai moyoni mwa mama peke yake. Kabla ya sera ya mwaka 1994 iliyomruhusu msichana aliyezaa kurudi shuleni nchini Kenya, mimba ilikuwa aghalabu ndiyo mwisho wa masomo. Msichana wa namna hiyo alichagua, ikiwa hilo laweza kuitwa kuchagua, kati ya mlango mmoja uliofungwa na mwingine. Baba wa mtoto, mara nyingi, hakuulizwa neno. Riwaya inayomweka mama kizimbani na kumwacha baba, wazee wa ukoo na shule nje ya chumba, imelitazama jambo la jamii kwa tundu la ufunguo. Hapo udhaifu wa maudhui na udhaifu wa fani ni kitu kimoja.

Kauli ya Kupinga

Yuko atakayesema kwamba masharti haya yanaifunga sanaa. Riwaya si kesi mahakamani, na mwandishi si karani wa kuandika ushahidi. Tena mtoto aliyeachwa naye ana haki. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unataja haki ya mtoto kuwajua wazazi wake, kwa kadiri iwezekanavyo. Akinyimwa jibu, kwa nini anyimwe hata ndoto ya jibu?

Kauli hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Lakini haipingani na hoja ya makala haya. Mwandishi hakatazwi kuota. Linalodaiwa ni kwamba ndoto ionekane kuwa ndoto. Msimulizi aweza kuandika sababu tatu, moja baada ya nyingine, na kila moja ikavunjwa na inayofuata. Aweza kumfanya mhusika abuni sababu akiwa ndani ya basi kutoka Nairobi, kisha afike na kukuta kwamba haimtoshi mwanamke anayemwona. Aweza pia kuuandika ukimya wenyewe. Zilinganishwe sentensi mbili za mfano: "Mama aliniacha kwa sababu aliona haya"; na "Nilipomwuliza, mama aliendelea kumenya muhogo, akaniuliza kama huko nilikokulia watu hula muhogo." Sentensi ya kwanza imefunga mlango. Ya pili haikusema lolote juu ya sababu, lakini mama ameingia katika riwaya akiwa mtu, na swali lake ni zito kama la mwanawe: nani alikulisha?

Hitimisho

Imeonekana kwamba Siku Njema ilipata uhuru wake kwa kubuni pande zote mbili, aliyeacha na aliyeachwa. Imeonekana kwamba Obama aliwaachia wengine kinywa cha sababu, na kwamba Ndesandjo alilazimika kuiacha riwaya alipotaka kushuhudia. Imeonekana kwa Sissay kwamba sababu ambayo mtoto angeibunia ingekuwa ya wale waliomtenga na mama.

Kwa mwandishi wa Chakol, au wa mahali popote panapofanana nayo, funzo ni la vitendo. Na amwachie mama jibu lake, hata ikiwa jibu hilo ni kunyamaza. Na auhesabu ukimya kuwa sehemu ya fani, wala si pengo la kuzibwa. Tena, kabla kitabu hakijafika kwa mchapishaji, na kisomwe kwa sauti uani, kwa lugha ambayo mama anaielewa, ili awepo mtu mmoja wa kusema: hapa sivyo. Riwaya itakayostahimili kusomwa hivyo itaweza kusomwa popote.